Wauza magari wa Butembo, ufunguo wa pili uko wapi?

Swali hili linawahusu wauzaji wote wa magari ya okazioni hapa Butembo, tangu wenye viwanja vikubwa vilivyojaa Noah na Probox hadi makomisioneri wanaosimama kando ya barabara na telefoni mbili mkononi. Mnapomuuzia mtu gari, kwa nini mnamkabidhi ufunguo mmoja? Wa pili uko wapi? Na kama haukuwahi kufika hapa, kwa nini bei haikupungua hata dola moja kwa sababu hiyo?

Najua lawama ya kwanza nitakayopewa, na haitatoka kwa wauzaji. Itatoka kwa wasikilizaji wetu wenyewe. Watasema: watu wanauawa upande wa Beni na Lubero, wengine wamelala katika madarasa ya watoto, na mwandishi anatuletea habari ya ufunguo wa gari! Ndiyo, ninaileta, na ni vita hiyo hiyo inayonifanya niilete. Mahali penye utulivu, gari lenye ufunguo mmoja ni usumbufu tu. Mwenyewe akiupoteza atachelewa kazini siku moja au mbili. Kwetu sisi, mtu anaweza kuamshwa saa kumi ya usiku na mlio wa silaha, baba yuko safarini, shofa amelala kwao, na ufunguo uko katika mfuko wa suruali ya mmoja wao.

Mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, watu walipanda na barabara ya taifa namba 2 kwa wingi, wakipita Kayna, Kirumba na Lubero, wengine hadi hapa Butembo. Wengi wao walitembea kwa miguu kwa sababu hawana gari, wala hawajawahi kuwa nalo. Lakini wako pia waliotembea kwa miguu huku wameacha ndani ya lupango gari zima, lenye mafuta, lenye magurudumu yote manne. Mama mmoja kutoka Kayna, ambaye sasa anakaa kwa shemeji yake huko Bulengera, alitueleza kwamba bwana yake alikuwa amekwenda kununua bidhaa na lori la rafiki, ufunguo wa Noah yao ukiwa mfukoni. Alisema: "Batoto sita barabarani, matela ku kichwa, na gari inatuangalia." Walipolinunua lile gari, muuzaji aliwaambia kwamba ufunguo ni huo mmoja, na kwamba wakitaka wa pili watatengeneza wenyewe baadaye. Hiyo baadaye haikufika.

Yuko mwingine, papa mmoja mwenye familia ya watu tisa. Yeye aliondoka na gari lake, akafika nalo salama, akaliingiza katika lupango la watu waliompokea huko Mususa. Ufunguo ukapotea siku ya pili, katika ile fujo ya kupakua mizigo, kila mtu akibeba la kwake. Alitafuta hata ndani ya magunia ya maharagwe. Leo Probox hiyo imesimama mwezi wa sita. Kuku wameanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Papa huyu alikuwa anaishi kwa taksi; angeweza kufanya kazi ya taksi hapa, akalisha watoto wake na hata kuwasaidia waliompokea. Badala yake anaenda kupanga foleni ya msaada wa unga. Fundi mmoja alimwomba dola 300, bila kumhakikishia kwamba injini itawaka. Mtu aliyekimbia na shuka mbili, dola 300 atazitoa wapi?

Hapa ndipo wauzaji wanapotabasamu na kusema: ufunguo ni kipande cha chuma, mpeleke kwa mtu wa makufuli sokoni, kesho utapata. Wanajua kabisa kwamba hawasemi kweli. Acha nieleze, maana wengi wetu tunadanganywa kwa kutojua tu.

Katika magari mengi yanayoletwa hapa, kichwa cha ufunguo kile cha plastiki kina chipu ndani yake, kitu kidogo sana, chenye namba yake ya siri. Haina betri. Kuna pete ya waya inayozunguka kontakti, pale unapoingiza ufunguo. Ukiuzungusha, pete hiyo inaiamsha chipu, chipu inajibu kwa namba yake, na kompyuta ya gari inalinganisha jibu hilo na namba ilizozihifadhi. Ikimtambua mwenyewe, injini inawaka. Isipomtambua, demareri inaweza kuzunguka hadi batri iishe, injini itakohoa tu, na kwenye tablo ya mbele utaona taa ndogo yenye picha ya ufunguo au ya kufuli ikiwaka-waka. Chuma kinaweza kuchongwa vizuri sana, kikafungua mlango, kikageuka ndani ya kontakti bila kukwama, na bado gari lisiondoke hapo lilipo.

Wauzaji wengine wamekwisha kuligeuza jambo hilo kuwa mbinu. Ukisisitiza unataka funguo mbili, wanamtuma kijana kwa mtu wa makufuli, anarudi na chuma kinachong'aa, wanafungua nacho mlango mbele ya macho yako na kukuambia: "Unaona, yaya? Ni mbili sasa." Unafurahi, unalipa. Miezi mitatu baadaye ufunguo wa kwanza unapotea, unachukua ule wa akiba, unaingia, unazungusha, na unabaki umekaa ndani ya gari lako kama mtu aliyekaa sebuleni. Kufungua mlango si kuwasha injini, na mimi naita hilo ulaghai.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo nataka kila mnunuzi aikamate, kwa sababu lawama yangu yote imesimama juu yake. Kutengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali unafanya kazi ni jambo dogo. Fundi mwenye mashine yake anachonga chuma kwa kufuata kile kilichopo, kisha anachomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani na kuiambia kompyuta ya gari ipokee chipu mpya. Katika Toyota nyingi kuna ufunguo mama, ambao ukiwa nao gari linakubali kusajili mwingine bila ubishi. Kwa aina fulani za chipu inawezekana hata kunakili namba ile ile ndani ya chipu nyingine. Lakini funguo zote zikikosekana, mambo yanageuka. Lazima kwanza kufuli ya mlango au ya kontakti ing'olewe ili fundi asome meno yake na kuchonga chuma upya. Halafu kompyuta ya gari haina ufunguo wowote inaoujua wa kumdhamini mgeni, basi katika magari mengi inabidi ifunguliwe na kumbukumbu yake iandikwe upya, au ibadilishwe nzima. Hiyo ni kazi ya watu wachache, na makosa madogo tu yanaiua kompyuta yenyewe.

Maana yake ni hii: siku ya kuuza, muuzaji anayo mkononi ile dawa ya bei rahisi, nayo ni ufunguo mmoja ulio hai. Angeweza kuutumia kuzaa wa pili kwa sehemu ndogo ya pesa ambazo mnunuzi ataombwa siku ule wa kwanza ukipotea. Hafanyi hivyo. Anaokoa dola chache zake, na anamwachia mnunuzi hatari nzima.

Wauzaji wanatetea namna gani? Nimewasikia, na nitawatendea haki.

Wanasema gari lilitoka Japani hivyo hivyo. Ni kweli mara nyingi. Magari haya yanauzwa kule kwa mnada, mengine yakiwa na ufunguo mmoja, yanapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, mengi yanapita Uganda na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Gari likiwa jipya kiwandani, funguo zake hutoka pamoja na kibati kidogo chenye namba ya kuchongea. Kibati hicho kimebaki kwa mwenye gari wa kwanza, mahali ambako hakuna hata mmoja wetu atakayefika kukidai. Tena, gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe halina ile namba ndefu ya alama 17 inayojulikana katika nchi nyingine. Lina namba fupi ya shasi, na ukiipeleka kwa wakala wa nchi nyingine anaweza kukuambia kwamba gari lako halionekani katika vitabu vyake. Haya yote nayakubali. Lakini ni nani anayeyajua mambo haya kuliko muuzaji? Yeye ndiye aliyeagiza, yeye ndiye aliyelipa forodha, yeye ndiye aliyepaka rangi upya pale palipokwaruzwa na kununua tapi mpya za chini ili gari lipendeze. Alikumbuka tapi. Alisahau ufunguo?

Wanasema pia kwamba mteja hakuuliza. Daktari naye angesema hivyo? Mtu ameuza mbuzi, amelipia ada ya watoto kwa kuchelewa, amekopa kwa ndugu, anakuja kununua gari la kwanza la maisha yake. Atauliza nini kuhusu chipu? Wewe uliyeuza magari hamsini ndiwe unayejua.

Utetezi wa tatu ndio unaonikasirisha zaidi: eti funguo zikiwa nyingi, wezi nao watakuwa wengi. Basi na waniambie: ule ufunguo wa pili ambao hawautoi, uko kwa nani? Gari limepita mikononi mwa mtu wa mnada, mtu wa bandari, shofa wa kulileta hadi Kampala, shofa mwingine hadi Kasindi, komisioneri, mwenye kiwanja. Kama kulikuwa na funguo mbili njiani na mimi nimepewa mmoja, wa kuogopwa ni ule ambao sikupewa. Na kuna tiba: fundi anaposajili ufunguo mpya anaweza kufuta kumbukumbu ya zile za zamani, zisiweze tena kuwasha gari hilo hata zikirudi. Muuzaji anayejali wizi kweli angefanya kazi hiyo mbele ya mnunuzi na kumwonyesha.

Wengine watasema hakuna sheria. Ipo, na ni ya zamani kuliko gari lolote lililokanyaga ardhi hii. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mikataba, iliyowekwa wakati wa Leopold II, bado inatumika katika Congo yetu. Inamlazimisha muuzaji kukabidhi kitu alichokiuza pamoja na vile vinavyokiandama katika matumizi yake, na inamtaka ajibu kwa kasoro zilizofichika. Kama ufunguo hauandami gari, sijui kinachoandama gari ni kitu gani. Kikombe cha chai? Sijasikia bado mtu aliyempeleka muuzaji mahakamani kwa ajili hiyo hapa mjini, na ninaelewa kwa nini: gharama ya kesi inaweza kuzidi bei ya ufunguo. Wauzaji nao wanaelewa hivyo hivyo, ndiyo maana wanalala usingizi mzuri.

Tuje sasa kwa wakubwa. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi. Tumeona wanavyoweza kutia sahihi na jambo likaanza siku hiyo hiyo: saa za kufunga baa, siku za salongo, njia ambazo motari hawapaswi kupita. Kuandika mstari mmoja katika karatasi ya mauzo, "funguo zilizokabidhiwa ni ngapi, na kila moja imewasha injini", kunahitaji nini? Hakuhitaji bajeti wala wafadhili. Karatasi hiyo inapita ofisini kwao tayari, na inalipiwa.

Badala yake, mkazo wote umewekwa kwa aliyepoteza. Papa wetu wa Probox alikwenda katika ofisi moja kuomba hati ya kupotelewa, kwa sababu fundi mwaminifu alikataa kumgusa gari bila karatasi. Wakamwomba karti rozi. Karti rozi imebaki Kanyabayonga ndani ya kabati. Wakamwomba kitambulisho. Kadi ya mpiga kura ilikuwa ndani ya mfuko ule ule. Wakamwambia arudi na hati kutoka kwa wakubwa wa mahali alikotoka. Wasikilizaji mnaotoka kule mnajua wakubwa gani wako kule sasa. Aliyemwambia hivyo aliijua habari hiyo kama sisi sote, na alisema bila hata kuinua macho.

Simlaumu fundi aliyekataa. Huyo anastahili heshima. Mji huu una wizi wa magari na wa pikipiki, na mtu anayemtengenezea ufunguo kila anayekuja na pesa ni msaidizi wa mwizi. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokaa kinyume. Mwizi haendi ofisini. Anakwenda kwa kijana mwenye mashine ndani ya begi, usiku, na anapata anachotaka bila kuulizwa jina. Anayekwenda ofisini ni mwenye mali, na ndiye anayefungiwa mlango. Tumetengeneza utaratibu unaomsumbua mtu kwa sababu tu amejaribu kuufuata.

Ushahidi mwingine upo kwa anayetaka kuutafuta. Namba ya shasi imepigwa kwenye chuma cha gari, haikukimbia. Picha za gari ziko katika telefoni za watoto na za jamaa, za harusi, za Krismasi, na plaki inaonekana. Majirani wa Kanyabayonga nao wako hapa hapa, mtaa huo huo mara nyingi, na wengine wamejaza taksi hiyo mara mia. Wanaweza kusimama mbele ya shefu wa kartie na kushuhudia. Asiransi ina kitabu chake. Mtu akileta viwili au vitatu kati ya hivi, apewe hati, na fundi aandike katika daftari: namba ya shasi, jina, tarehe, dole gumba. Daftari hilo likaguliwe na polisi kila mwezi. Hapo mwizi ndiye atakayeogopa.

Kuna jambo linalofanyika watu wakikosa njia hiyo, nalo nimeliona katika magaraji kadhaa. Fundi anakuja na bisibisi na nyundo. Anavunja kontakti, anavunja kile chuma kinachofunga usukani, anakata nyaya za kufuli ya injini na kuzifunga upya kwa namna zake, kisha anatoboa tablo na kuweka swichi, wakati mwingine swichi ile ya taa ya nyumba. Gari linawaka. Watu wanapiga makofi. Kuanzia saa hiyo gari hilo ni la yeyote mwenye kidole. Na kile chuma cha usukani kikivunjwa vibaya kinaweza kurudi na kukamata usukani wakati gari linatembea. Fikirini hayo kwenye kona za kushuka kutoka Lubero, abiria kumi na mmoja ndani, mvua juu. Nimemsikia mtu akiita hiyo "teknolojia ya Kongo" huku akicheka. Mimi sicheki.

Nisiwasahau wanunuzi, maana nasi tuna mazoea yetu. Mtu anakwenda kununua gari na shemeji zake wanne. Wanapiga teke magurudumu, wanafungua muziki, wanaulizana kama kiyoyozi kinafanya. Ufunguo wanaupokea mwisho kama zawadi. Fanyeni kinyume. Kabla ya kuhesabu pesa, ombeni funguo zote, na kila moja iwashe injini, izime, iwashe tena. Kama gari ni la kitufe, ombeni kuona ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya telekomandi, maana batri ya gari ikifa ndio utakaofungua mlango. Na kabla ya kumlipa mtu kwa kuwa gari la kitufe limekataa, badilisheni kwanza betri ndogo ya duara ndani ya telekomandi, au ishikeni karibu kabisa na kitufe halafu mbonyeze. Wako waliolipa pesa nyingi kwa shida ambayo dukani ni ya bei ya soda mbili. Kama muuzaji ana ufunguo mmoja tu, bei ishuke kwa gharama ya kutengeneza wa pili, au mwende wote kwa fundi siku hiyo hiyo kwa pesa yake. Akikataa, kiwanja cha jirani kina Noah pia.

Na neno kwa wababa. Nimekutana na wenye magari ambao wana funguo mbili kweli, na zote mbili ziko kwao: moja mfukoni, nyingine ndani ya sanduku ambalo wao peke yao wanajua lilipo. Ukimwuliza, anakwambia mama akiwa na ufunguo atatembeza gari. Papa, siku ya kukimbia hutakuwa nyumbani labda. Mama asiyejua kuendesha anaye kaka, anaye jirani, anaye kijana wa kanisani anayejua. Kinachomkosa ni ufunguo. Ule mama wa Kayna, bwana yake yuko hai na wamekutana hapa Butembo, Mungu asifiwe, lakini nilipomwuliza angefanya nini tofauti, hakutaja muuzaji kwanza. Alitaja sanduku la jirani yake, ambaye alikuwa na funguo mbili na hakuwahi kumwambia mkewe ulipo wa pili. Gari hilo nalo lilibaki.

Tumewapigia simu wauzaji watatu wakubwa wa mjini tuwape nafasi ya kujibu. Wa kwanza alisema yuko safarini. Wa pili alisema mambo haya yanaharibu biashara na akakata. Wa tatu alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, halafu akasema kwamba kuanzia mwezi ujao ataandika idadi ya funguo katika karatasi zake zote za mauzo, na ule wa pili atautengeneza kwa pesa yake mwenyewe kabla gari halijatoka. Hakutaka tutaje jina lake hadi tuone. Tutakwenda kuona. Wanunuzi watakaopita kwake na kwa wengine, leteni karatasi zenu redioni Jumamosi, tutazisoma pamoja. Na papa wa Probox anaomba yeyote mwenye picha ya taksi yake ya wakati ule, yenye plaki inayoonekana, amtafute kupitia kwetu.